Kulisubiri Jua na Mwalimu

Mwalimu alikuwa amestaafu, lakini mguu wake wa kulia ulikuwa bado uko kazini. Kila mkewe alipokaribia kona, mguu ule ulikanyaga breki isiyokuwepo, pale upande wa abiria, kwa nguvu zile zile za miaka yote aliyofundisha watu udereva. Zulia la gari lilikuwa limeanza kulika mahali pale.

"Punguza."

"Nimepunguza."

"Ingiza ya pili."

"Iko ya pili, baba watoto."

"Basi ingiza ya kwanza. Kilima hiki hakina mchezo."

Mkewe alikaza macho barabarani, na mdomo akaukaza pia. Njia ile ya kokoto aliijua kuliko alivyoijua ngazi ya nyumbani kwake. Alikuwa akiipanda alfajiri, peke yake, tangu watoto wakiwa shule ya msingi, na hajawahi kutumbukia korongoni hata siku moja. Lakini hayo ungemwambia nani? Mtu aliyefundisha nusu ya madereva wa mji ule hawezi kukubali kwamba mkewe naye anajua kuendesha.

Mjini walimwita Mama Studio. Duka lake lilikuwa mtaa wa nyuma ya benki, chumba kimoja chenye pazia la buluu na kiti kirefu kisicho na mgongo, na humo alipiga picha za pasipoti, za maharusi, za watoto wachanga wanaolia wakivuliwa kofia. Hiyo ndiyo kazi iliyosomesha watoto. Kile kilima kilikuwa kitu kingine. Asubuhi mbili tatu kwa wiki, kabla ya kufungua duka, alipanda juu, akasimamisha kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, akalitazama bonde likiamka. Alipiga mto ukiwa umefunikwa na ukungu, alipiga mashamba, alipiga safu ya mikalitusi na mabati ya nyumba za bondeni. Bonde lilikuwa moja lakini hakuwahi kuliona likifanana siku mbili. Picha hizo alizirundika nyuma ya pazia, na hakuna aliyeziuliza.

Mpaka siku Matroni wa hospitali alipokuja kupiga picha ya pasipoti, akachungulia nyuma ya pazia akitafuta kioo cha kujitengenezea kitambaa cha kichwa. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alisema, "Mama Studio, nataka mojawapo ya hizi, ila mpya, na kubwa. Ijae ukuta mzima."

Wodi mpya ya wazazi ilikuwa karibu kufunguliwa. Ilikuwa na ukumbi mrefu ambao akina mama wenye uchungu wangetembea wakisubiri wakati wao, na Matroni hakutaka watembee wakitazama rangi ya maziwa iliyopakwa na fundi. "Nataka asubuhi," alisema. "Asubuhi ya kweli. Lakini isiwe na jua la kuwachoma macho, maana wale watu tayari wana shughuli zao."

Mama Studio alirudi nyumbani amechanua. Alimsimulia mumewe mezani, na mumewe akaweka kijiko chini akasema, "Vizuri. Nitakuwa nakupeleka."

"Kunipeleka wapi? Najiendesha mwenyewe."

"Basi nitakusindikiza."

Hapo ndipo mateso yalipoanza.

Siku ya kwanza walifika juu bado giza halijatoka vizuri. Mama Studio alifunga kamera kwenye stendi, akapima, akakaa juu ya jiwe lake. Kwa kawaida huo ndio ulikuwa wakati wake mtamu kuliko yote, wakati ambapo hakuna anayemwita wala anayemdai kitu. Mwalimu alifungua chupa ya chai. Alikunywa kwa sauti, akaguna. Akauliza kama hiyo baridi ni ya kila siku. Akauliza kwa nini hawakuja na viti. Upeo ulipoanza kupambazuka, akaruka.

"Haya piga, jua hilo hapo!"

"Bado."

"Bado nini? Linachungulia kabisa."

"Nasubiri liingie bondeni. Sasa hivi bonde lote ni bapa, halina kivuli."

"Mimi naona mpaka mabati ya watu."

"Baba watoto. Kunywa chai."

Alikunywa, lakini haikumkalisha. Akakumbuka kwamba gari wameliegesha vibaya. Kwa miaka yote alikuwa amewafundisha wanafunzi wake kwamba gari huegeshwa likitazama njia ya kutokea. Akaingia, akawasha, akaligeuza, na taa zake kubwa zikamwagika juu ya majani yote yaliyokuwa mbele ya kamera, wakati ule ule ukungu ulipoanza kunyanyuka mtoni kama shuka linalovutwa taratibu. Majani yakamulikwa kama chumba cha upasuaji. Mama Studio alipunga mikono. Mwalimu alidhani anamwelekeza kurudi nyuma, akarudi nyuma, akapiga na honi kidogo ya shukrani.

Alipozima taa, ukungu ulikuwa umekwisha.

"Umepata?" aliuliza akishuka.

Mkewe alikuwa anakunja stendi, na kila mguu wa stendi uliingia mahali pake kwa kishindo.

Siku nyingine kulikuwa na mawingu mazito, na hapo Mwalimu alitaka warudi mara moja kwa sababu "leo hakuna kitu". Mkewe alimwambia mawingu ndiyo mazuri, yanaweza kupasuka wakati wowote. Mwalimu akaketi, akatazama saa, akatazama mawingu, akatazama saa tena, kana kwamba kuna mwanafunzi aliyechelewa somo. Siku iliyofuata aliwakuta walinzi wa machimbo ya kokoto wakitoka zamu, akawaita waje waone mkewe anavyofanya kazi, nao wakaja wakasimama mbele ya lenzi, wakatabasamu, wakasubiri wapigwe. Ikabidi mkewe awapige. Walipoondoka, jua lilikuwa limeshapanda, vivuli vimefupika, na bonde limekuwa jeupe kama sahani.

"Unanuna," Mwalimu alisema njiani, mguu ukikanyaga.

"Sinuni."

"Nakufahamu ukinuna."

"Basi kama unanifahamu, ninyamazie."

Jumatatu moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika ghafla. Walipofika juu, wingu lilikuwa limelifunika bonde kama mfuniko wa sufuria, jeusi, na ng'ambo kule mvua ilikuwa bado inaning'inia. Mama Studio alishuka garini akahisi nywele za mikono zinasimama. Alikuwa amelisubiri wingu la namna ile miaka. Upande wa mashariki, kati ya wingu na vilima, palikuwa na ufa mwembamba, na alijua jua likipita kwenye ufa ule, litapita muda mfupi tu.

"Usiongee," alimwambia mumewe. "Nakuomba. Usiongee, usitembee, usiwashe kitu."

Mwalimu aliinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

Jua likapita. Likaingia bondeni kwa chini, mstari mmoja mrefu, likaanza kusafiri. Liligusa kitu kimoja, likakiacha, likagusa kingine. Mto ukawaka. Mikalitusi ikasimama mmoja mmoja, kila mti na upande wake wa dhahabu. Mabati yaliyokuwa yamelowa yakafunguka nyumba baada ya nyumba, kama mtu anayepita akiwasha taa, na nyuma ya yote hayo ilisimama mvua, nyeusi tii.

Alibonyeza. Kamera ikalia mlio ambao si wake. Akatazama kioo chake kidogo: hakuna memori kadi.

Akafungua kile kimlango cha pembeni. Patupu. Akavamia begi. Mfuko wa lenzi ulikuwa msafi, betri zimepangwa kwa mstari, kitambaa cha kufutia kimekunjwa pembe nne kama leso ya mgeni. Kadi hakuna, hata moja.

"Ziko wapi kadi zangu?"

Mwalimu bado alikuwa ameinua mikono. "Nizungumze?"

"Ziko wapi!"

"Ziko salama. Jana begi lako lilikuwa vurugu tupu, mke wangu, nikalipanga. Zile kadi ni ndogo, zinapotea. Nimezitia kwenye kikopo, nikazifungia kabatini."

Mama Studio alimtazama. Kisha akageuka akalitazama bonde, kwa sababu mwanga ulikuwa bado unasafiri na hakutaka kuukosa hata kwa macho. Ulifika kwenye nyumba za mwisho, ukapanda mteremko wa ng'ambo, ukafifia. Ufa ukaziba. Bonde likarudi kuwa kijivu, kama hakikutokea chochote.

Ndipo alipofungua mdomo, na yaliyotoka humo walinzi wa machimbo waliyasikia kule chini.

"Umeshindwa nini wewe kukaa nyumbani? Eh? Umeshindwa nini? Miaka yote hii nimekupikia, nimekufulia, nimekuzalia, sijakunyima kitu. Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho si chako. Kilima! Nikija hapa sikuwa mama wa mtu wala mke wa mtu. Sasa umestaafu kazi yako, umeamua kuja kunistaafisha na mimi!"

"Mke wangu, mimi nilikuwa nasaidia tu..."

"Nani kakuomba msaada? Nitajie huyo mtu! Nisaidie kwa kuniacha!"

Wakiteremka, kwa mara ya kwanza Mwalimu hakusema gia wala kona. Mguu wake aliuweka chini ya kiti, akauzuia na mguu wa pili.

Asubuhi zilizofuata Mama Studio alikwenda peke yake. Mumewe alimsikia akiamka, akajigeuza upande wa ukuta. Kule juu kulikuwa kimya kama zamani, jiwe lake lilikuwa pale pale, na kadi zilikuwa kwenye begi, lakini bonde lilimgomea. Siku moja lilikuwa na ukungu mpaka pua ya mtu huioni. Siku nyingine anga lilikuwa safi bila wingu, jua likachomoza kama yai kwenye karai, zuri la kuwekwa kwenye kalenda ya bure. Alipiga kwa sababu tu amekuja, akafuta. Matroni alipiga simu kuuliza. Mafundi wamemaliza rangi, alisema, ukuta unasubiri.

Jioni moja alipigiwa simu na binti yao mkubwa, aliyeolewa mji wa mbali.

"Mama, nasikia siku hizi unapanda kilimani peke yako tena?"

"Nani kakwambia?"

"Baba. Mama, si tulishakubaliana?"

"Tulikubaliana nani na nani?"

Binti alikuwa amejikwaa na alijua.

"Sisi," alisema hatimaye. "Mimi, na kaka, na baba. Baada ya kile kizunguzungu. Daktari alisema presha yako iko juu, na wewe ukatuambia ulikunywa chai bila kula. Mama, ulianguka ndani ya studio mbele ya mteja! Sasa ukianguka kule juu peke yako, nani ataona? Kwa hiyo tukamwambia baba asikuache. Ila tulimwambia asikwambie, maana ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo!"

"Ndiyo maana sasa."

Mama Studio alikata simu. Mngedhani moyo ulimlainika. Wapi! Alikuwa na hasira maradufu. Watoto aliowafunga nepi wamekaa kikao juu yake, wamempangia mlinzi, na mlinzi mwenyewe ni yule anayefungia kadi kabatini. Alikwenda barazani, ambako Mwalimu alikuwa anapangusa kioo cha pembeni cha gari ambacho tayari kilikuwa kinang'aa.

"Kwa hiyo mimi ni mgonjwa."

Mwalimu aliacha kupangusa. "Wamekwambia."

"Ungeniambia wewe. Ningekasirika siku moja, yakaisha. Badala yake umenikasirisha mwezi mzima."

"Nilidhani ukiona nakuja kwa kupenda mwenyewe, hutajisikia unachungwa." Alikikunja kile kitambaa. "Tena mimi kusubiri siwezi. Nakaa pale nakutazama, nasema sasa hivi ataanguka, sasa hivi ataanguka. Basi nafanya hili na lile."

Waligombana mpaka chakula kikapoa. Walipomaliza walikuwa na mkataba. Mwalimu atakuja, lakini ataishia kwenye kona ya machimbo, chini ya kilele, mahali ambapo akisimama anaweza kumwona mkewe kama kijiti, na mkewe hamsikii. Kila baada ya muda atapunga mkono, naye atapunga kumjibu. Begi haligusi. Na vidonge vya presha mkewe atavinywa mbele yake, kila siku, mdomo wazi kama mtoto.

"Hilo la mdomo wazi halimo," alisema Mama Studio.

"Limo."

Mkataba ulifanya kazi, kwa kiasi chake. Kule machimboni Mwalimu aligundua malori yanayorudi nyuma ovyo. Siku ya pili tu alikuwa amesimama katikati ya vumbi akiwaelekeza madereva, wawili kati yao wakiwa wanafunzi wake wa zamani, na sauti yake ya "Kata yote! Kata yote kulia!" ilipanda mpaka kileleni. Alikuwa hakosi kupunga. Tatizo alipunga kupita kiasi, na mkewe alipochelewa kujibu kwa kuwa jicho liko kwenye lenzi, Mwalimu alianza kupanda kilima mbio, akihema, ikabidi mkewe aache kila kitu ampungie mikono yote miwili kama mtu anayezama.

Asubuhi moja kama hiyo Mwalimu alifika mpaka juu kabla hajaonekana. Mwanga ulikuwa umeshaharibika hata hivyo. Alijitupa kwenye jiwe kando ya mkewe, akishika mbavu.

"Kati yetu sisi wawili," mkewe alisema, "anayetakiwa kuchungwa ni nani?"

Mwalimu alihema mpaka pumzi ikamrudia. Alikuwa analitazama bonde. "Ile siku ya kadi," alisema. "Ilivyoanzia kwenye ile miti, halafu ikaruka."

"Nini?"

"Ule mwanga. Ulianzia kwenye mikalitusi, ukaruka mto, ukaja mabatini. Halafu kule nyuma mvua, nyeusi. Kuna bati moja lilikuwa la kijani, lile peke yake halikuwaka. Nimelifikiria sana lile bati."

Mama Studio aligeuza shingo polepole. Bati la kijani hakuliona. Yeye siku ile alikuwa anafukua begi.

"Ulianzia mtoni," alisema.

"Kwenye miti."

"Mtoni, baba watoto. Mimi ndiye mpiga picha."

"Na mimi ndiye niliyekuwa nimeambiwa nisiongee wala nisitembee. Nilikuwa na kazi gani nyingine zaidi ya kutazama?"

Walibishana hapo juu ya jiwe, juu ya kitu kisichokuwa na ushahidi popote duniani, na asubuhi ile ikapotea kama nyingine. Lakini wakishuka Mama Studio alijikuta anauliza maswali. Bati lilikuwa nyumba ya ngapi? Mvua ilikuwa imeinamia wapi? Mwalimu alimjibu yote, na hakukanyaga breki mpaka walipofika lami.

Picha ya Matroni ilikuja siku ambayo haikutegemewa. Jua halikuchomoza kabisa. Lilibaki nyuma ya wingu jembamba, wingu jeupe kama chandarua, na mwanga ukamwagika sawasawa bonde zima bila kuchagua. Hakukuwa na dhahabu wala kivuli kikali. Kijani tu, kila aina ya kijani, kimelowa na kukolea, na ukungu mtoni umelala haujaamua kuondoka. Mwanzoni Mama Studio alitaka kukunja vitu. Halafu akamfikiria mwanamke anayetembea ukumbini, mkono kiunoni, uchungu unakuja na kwenda, akajiuliza yeye mwenyewe, siku zile zake, angetaka kutazama nini. Akapiga. Akangoja ukungu usogee kidogo, akapiga tena. Chini kule mtu alikuwa anapunga. Akampungia, safari hii bila kuguna.

Ilikuwa picha nzuri. Alijua pia kwamba ile nyingine ingekuwa bora, na hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kiwanda cha mabango kiliichapa ikajaa ukuta, mafundi wakaibandika, Matroni akalia kidogo kisha akakana. Siku moja kabla ya ufunguzi, Mama Studio na mumewe walikwenda kuitazama kwa utulivu. Walimkuta fundi umeme juu ya ngazi. Alikuwa ametoboa katikati ya mto, na kwenye tundu alikuwa anafunga kisanduku cha plastiki cha swichi.

Mama Studio alikinyooshea kidole kile kisanduku.

"Hapa ndipo waya ulipotokea, mama," fundi alisema kwa upole. "Mimi sikuupanga."

"Shuka," alisema Mwalimu.

"Mzee, nina kazi."

"Shuka nikuoneshe. Umefunga swichi juu ya mto! Mwanga unaingia hapa, unaona? Unaingia kulia, unapita mtoni, unakwenda mabatini. Mke wangu kasubiri huo mwanga wiki na wiki, wewe unakuja na drili!"

"Mwanga hauingii kulia," mkewe alisema kwa meno yaliyofungwa. "Katika picha hii mwanga hauingii popote. Ndiyo maana yake. Ni mwanga uliotulia."

"Unaona?" Mwalimu alimwambia fundi. "Umetulia. Na wewe umeutoboa."

Matroni alikuja mbio, fundi akajitetea, Mwalimu akashika ngazi na kuanza kuelekeza mahali pa kuupeleka waya, kushoto kidogo, kidogo tena, rudi, rudi, simama. Katikati ya zogo hilo akatokea mwanamke mwenye tumbo kubwa, aliyepelekwa wodi mpya kabla ya ufunguzi kwa sababu wodi ya zamani ilikuwa imejaa. Alitembea taratibu akiburuta ndala. Alipofika kwenye ukuta, uchungu ulimkamata, akaegemeza kiganja kwenye mashamba ya bondeni, akainamisha kichwa.

Uchungu ulipopita aliinua uso, akalitazama bonde muda kidogo. "Jamani," alisema, "hamwezi kupigania nje?"

Wakampisha. Akaendelea na safari yake, kiganja kikipita juu ya mikalitusi.

Mama Studio alirudi nyuma hatua chache ili aione picha yote, tundu lake na yote. Ndipo alipoinua macho. Juu ya picha, urefu wa ukuta mzima, walikuwa wamefunga taa ndefu za mrija, na mwanga wake, mbichi na mkali, ulikuwa umeufanya ukungu wote wa mtoni uwe na rangi ya sabuni ya kufulia.

"Matroni," alisema. "Nani kachagua taa hizi?"

Lakini Matroni alikuwa ameshakumbuka kwamba ana mgonjwa mahali.